Gunia Likijaa Laenda Wapi? Mambo ya Kujua Kabla ya Kwenda Kusafisha Ufuo

Kila mwaka, Jumamosi ya tatu ya mwezi wa Septemba, watu wa nchi nyingi duniani hutoka kwenda kuokota taka kando ya bahari. Shughuli hii ilianza Texas, Marekani, mwaka 1986, na siku hizi huku kwetu Pwani imekuwa kama sikukuu ndogo. Kunakuwa na fulana mpya, glavu, wageni wa heshima, hotuba na picha nyingi. Jumatatu ikifika, sisi tunaoishi karibu na ufuo hubaki na maswali mawili: yale magunia yamekwenda wapi, na mbona taka zimerudi?

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikitoka na kikundi cha kujitolea cha mtaa wetu, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa. Hatuna ofisi wala gari. Tuna reki chache, mizani ya kuazima, na watu ambao wakiambiwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hufika saa kumi na mbili na nusu. Vijana wengi huniuliza namna ya kujiunga au ya kuanzisha kikundi kwao, na wengi hudhani kazi yenyewe ni kuinama na kuokota tu. Kuokota ndiyo sehemu rahisi. Nataka kueleza zile sehemu nyingine, maana zikikosekana, jasho lote huenda bure.

Taka zatoka wapi

Mwenye kujua taka zinakotoka ndiye atakayejua pa kuzizuia. Kuna njia nne.

Ya kwanza ni sisi wenyewe tunaokuja kupunga upepo. Nenda Pirates pale Bamburi siku moja baada ya Idi au Krismasi, utaona sahani za karatasi, mirija, chupa za soda, vijiti vya mishikaki na nepi za watoto.

Ya pili ni mitaro ya mtaani. Masika yakianza, kila kilichotupwa mtaroni tangu kaskazi hubebwa na maji ya mvua hadi kwenye hori na baharini. Vikaratasi vya muguka, vipakiti vya maji, nepi, chupa za dawa, vyote hupita humo. Aliyevitupa Kisauni au Tudor hakuvitupa baharini, alivitupa nje ya nyumba yake tu. Mvua ndiyo iliyommalizia safari.

Ya tatu ni mito. Mto Sabaki unaomwaga maji yake kaskazini mwa mji wa Malindi ndio huo huo Galana, ndio huo huo Athi, nao hupokea maji ya Mto Nairobi. Chupa iliyotupwa mtoni kule bara yaweza kuja kulala kwenye mchanga wa Mambrui bila ya kupanda basi.

Ya nne ni bahari kuu. Mikondo ya Bahari ya Hindi huleta vitu kutoka mbali. Kwenye fuo zisizo na watu wengi, kwa mfano kule visiwa vya kaskazini mwa Lamu, huokotwa chupa zenye maandishi ya nchi za Asia. Humo humo utakuta maboya, kamba na vipande vya nyavu vilivyokatika kutoka vyomboni.

Kila njia ina dawa yake. Anayekuja kupunga upepo, zungumza naye. Mtaro, weka kizuizi. Mto, watu wa juu na wa chini washirikiane. Bahari kuu, huna budi kuokota kinapofika.

Kuna faida gani, ikiwa zitarudi?

Kuna mzee mmoja mvuvi ambaye sote mtaani twamwita Ami. Siku moja alitukuta tukifunga magunia, akaniuliza, "Mwanangu, nyinyi mwazoa leo, bahari yaleta kesho. Hamjichoshi bure?"

Nikamwambia, "Ami, nyumbani kwako si hufagiwa kila siku?"

Akacheka, kisha akasema, "Nyumbani hufagia mwenye nyumba. Hapa mwenyewe ni nani?"

Swali lake la pili ndilo zito, nami nitalijibu mbele. La kwanza lina jibu la kitaalamu ambalo kila anayejitolea yafaa alijue. Plastiki haiozi kama ganda la ndizi. Jua huikausha, chumvi na mawimbi huisaga, ikawa vipande, na vipande vikawa chembe. Chupa moja iliyo nzima leo, mtoto anaweza kuiokota kwa mkono mmoja. Chupa hiyo hiyo ikikaa miaka juani huwa maelfu ya chembe zilizochanganyika na mchanga, na hapo hakuna mwanadamu awezaye kuziokota. Chembe hizo huliwa na samaki na chaza. Mfuko mzima nao, ukielea, hufanana na kiwavi wa baharini, na kasa akiula waweza kumziba matumbo akafa kwa njaa.

Kwa hivyo tunapookota, tunashindana na wakati. Kila chupa inayotoka ingali nzima ni chembe elfu ambazo hazitaingia baharini. Hata taka nyingine zikija kesho, hiyo ya leo haitarudi, iwapo itapelekwa inapostahili.

Siku na saa huamuliwa na mwezi

Hapa ndipo shughuli nyingi zinazopangwa na watu wa mbali hukosea. Hupanga Jumamosi saa tatu kwa sababu ndiyo saa ya mgeni wa heshima, na wakifika wakute maji yamejaa hadi ukutani. Wazee wetu hawakuhitaji simu kulijua hili.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku mbili tatu baada ya hapo, maji huwa ya bamvua. Hujaa sana na hupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hapa Mombasa huweza kukaribia mita 4. Katikati ya vipindi hivyo huwa maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Pwani yetu ina bahati moja: siku za bamvua maji hujaa mwendo wa saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa mwendo wa saa nne, asubuhi na usiku. Yaani ukishuka ufuoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi siku ya bamvua, maji yanarudi nyuma, jua halijawa kali, na taka zote zilizoletwa na maji ya alfajiri zimelala kwenye mstari mmoja juu ya mchanga zakungoja. Una saa nne za kufanya kazi kwa raha.

Lakini bamvua ina hila yake. Maji yaliyoshuka asubuhi yatapanda tena saa kumi jioni, na yatafika pale pale yalipofikia alfajiri. Gunia lililoachwa chini ya mstari ule litachukuliwa. Litapasuka, na taka zitakuwa zimerudi baharini zikiwa zimeokotwa. Kwa hivyo kanuni yetu ya kwanza ni hii: gunia hufungwa na kupandishwa juu ya mstari wa maji kabla ya mtu yeyote kunywa chai.

Cha kuokota na cha kuacha

Ufuo msafi si ufuo mtupu kama sakafu. Mwani unaotupwa na bahari, hasa wakati wa kusi, si taka. Huzuia mchanga usipeperuke wala kuchukuliwa na mawimbi, na ndani yake huishi wadudu ambao ni chakula cha kaa na ndege. Toa plastiki iliyonaswa ndani ya mwani, kisha uuache mwani wenyewe. Makome, mawe na magogo yaliyoletwa na maji, yaache pia.

Reki tumia kwa uangalifu. Kasa hupanda kutaga juu ya mstari wa maji, na mayai yake hukaa mchangani takriban miezi 2 kabla ya kuanguliwa. Ukiona nyayo pana kama za gurudumu la trekta zikitoka baharini, au alama za vijiti zilizowekwa kuzunguka mahali, usichimbe wala usikanyage hapo. Mwarifu mtu wa KWS au viongozi wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo cha wavuvi. Na kama ufuo wenyewe umo ndani ya hifadhi ya bahari, kama Watamu, Malindi, Mombasa au Kisite, zungumza na KWS kabla ya kupanga siku. Ukiwa ni bandari ya wavuvi, wenyeji wako ni BMU. Kuingia bila hodi hata kwa nia njema si adabu.

Kwenye mikoko kazi ni ya polepole zaidi. Ile mizizi ya mchu inayochomoza kama penseli kutoka kwenye tope ndiyo inayovuta hewa. Plastiki ikiifunika, mti hukosa pumzi, na kundi la watu mia wakiikanyaga, hudhuru kuliko hiyo plastiki. Humo tunaingia watu wachache, kwa mstari mmoja, maji yakiwa yamekupwa, na hatung'oi kitu kilichofungamana na mizizi. Twakikata kwa kisu.

Nyavu zilizotelekezwa ni za kuondolewa haraka kuliko kitu chochote. Wavu usio na mwenyewe huendelea kuvua; hunasa samaki, kaa na kasa, na hakuna anayekula. Lakini wavu ulio ndani ya maji usivutwe na mtu asiye mzoefu. Mwite mvuvi.

La mwisho ni sindano. Kwenye baadhi ya fuo zetu zipo, na hatuwezi kujifanya hatuzioni. Watoto hawaokoti sindano hata kwa glavu. Mtu mzima aliyefunzwa huiokota kwa koleo na kuitia kwenye mtungi mgumu wenye kifuniko, kisha mtungi hupelekwa zahanati. Aliyechomwa aoshe mahali pale kwa sabuni na maji yanayotiririka, asifinye wala asinyonye, kisha aende hospitali moja kwa moja siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi hutakiwa zianzwe ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora.

Gunia likijaa

Sasa tuje kwenye swali la kichwa cha makala haya. Mwaka mmoja kampuni fulani ilituomba tuwasindikize kwenye siku yao ya usafi. Walikuja kwa mabasi, wakaokota kwa saa moja na nusu, wakapiga picha mbele ya rundo la magunia, wakaondoka. Tuliambiwa lori linakuja. Halikuja. Tulipiga simu hadi adhuhuri, kisha wanawake wa kikundi chetu na wavuvi wawili wakaanza kuyapandisha magunia kwa mkokoteni kabla ya maji ya saa kumi. Yaliyotushinda yalichukuliwa na maji. Zile picha zilitoka vizuri sana.

Tangu siku hiyo, kikundi chetu hakikubali mwaliko bila ya majibu matatu: nani analeta gari, linafika saa ngapi, na mzigo unapelekwa wapi. Asiye na majibu, twamwambia kwa upole asubiri hadi ayapate.

Mzigo wenyewe hugawanywa papo hapo ufuoni, si baadaye. Chini ya vyombo vingi vya plastiki kuna pembetatu yenye namba. Namba 1 ni chupa za maji na soda. Namba 2 ni madebe ya mafuta, mitungi na chupa za sabuni. Hizo zina wanunuzi. Vifuniko huwekwa peke yake kwa sababu ni plastiki ya aina nyingine. Chuma na makopo yana wanunuzi wake. Chupa ikiwa na mchanga au maji ndani, bei hushuka, kwa hivyo imwage kabla ya kuitia guniani. Kinachobaki, yaani nepi, vipakiti, spongi na vitambaa, hakina mnunuzi, na hicho ndicho cha kupelekwa jaani na gari la kaunti.

Mambo mawili tusiyafanye kabisa: kuchoma na kuzika. Moshi wa plastiki ni sumu kwa mwenye kuuvuta, na inayoyeyuka hugandamana na mchanga ikawa jiwe. Taka iliyozikwa ufuoni nayo hufukuliwa na mawimbi kusi ikivuma.

Kuna watu ambao chupa hizo ndizo riziki yao. Wako ufuoni kila siku, bila fulana wala picha, wakiokota na kuuza kwa kilo. Wakiona umati waja, huona mkate wao waenda. Sisi tulikaa nao tukakubaliana: kila kinachouzika twawakabidhi wao, nao hutusaidia kugawanya. Wao ndio wanaojua ni nani ananunua nini, na kwa bei gani. Kujitolea kusiwe kumnyima maskini chakula chake.

Posho na heshima

Swali ambalo vijana huuliza kwa sauti ya chini ni hili: twalipwa pesa ngapi? Sioni aibu ya kulijibu. Kujitolea maana yake hulipwi. Lakini kutolipwa si sawa na kutumiwa. Tangu chuoni tulifundishwa kwamba kuondoa udhia njiani ni thawabu, na wengi wetu twatoka kwa nia hiyo. Hata hivyo kijana asiye na kazi aliyeshinda juani apewe maji, glavu nzima, nauli ikiwa atoka mbali, na chakula ikiwa kazi yavuka adhuhuri. Na kama shughuli ina mdhamini aliyetoa pesa, kikundi kiambiwe ni kiasi gani na zimekwenda wapi. Kinachovunja vikundi vingi Pwani ni kujua kwamba kuna aliyelipwa kwa jasho lao, na wao wakaitwa wa kujitolea. Mwenyekiti anayesoma hesabu mbele ya watu hapotezi wanachama.

Kuhesabu ndiko kunakobadilisha mambo

Kikundi kinachookota bila kuandika, mwakani kitaokota vile vile. Mchague mtu mmoja kwa kila watu watano awe na daftari. Aandike chupa ngapi, vifuniko vingapi, nepi ngapi, ndara ngapi, na majina ya bidhaa yanayosomeka. Mwishoni magunia yapimwe.

Daftari letu ndilo lililotuonyesha kwamba sehemu moja ya ufuo wetu ilikuwa na nepi na vipakiti kuliko nyingine zote, na kwamba zote zilitoka kwenye mdomo wa mtaro mmoja. Tulikwenda na daftari hilo kwa mzee wa mtaa na kwenye baraza ya chifu. Hatukwenda kulaumu, tulionyesha hesabu. Fundi mmoja wa hapo hapo akachomelea wavu wa chuma mdomoni mwa mtaro, na nyumba zilizo jirani zikagawana zamu za kuutoa uchafu. Zamu ikisahauliwa maji hufurika, kwa hivyo haisahauliwi.

Daftari hilo hilo ndilo ushahidi wetu mbele ya wenye mamlaka, na hapa ndipo lilipo jibu la swali la Ami. Katiba ya 2010 imeupa kila mtu haki ya mazingira safi katika kifungu cha 42, na katika kifungu cha 69 ikampa kila mtu wajibu wa kushirikiana kuyalinda. Kuzoa na kutupa taka ni kazi ya serikali ya kaunti, kwa mujibu wa Jedwali la Nne. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu yake ni faini ya shilingi milioni 2 hadi 4 au kifungo cha mwaka 1 hadi 4. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika mbuga, misitu na fuo zilizohifadhiwa. Na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inawataka watu kutenganisha taka, na inawataka watengenezaji wa bidhaa wabebe sehemu ya mzigo wa kile wanachokiuza. Kwa hivyo mwenye ufuo ni raia, na ni kaunti, na ni kiwanda. Anayejitolea hachukui nafasi ya yeyote kati ya hao. Yeye ndiye shahidi aliyeona kwa macho, akaandika.

Hata kile kinachookotwa chaweza kusema. Kule Lamu mafundi wakiongozwa na Ali Skanda walitumia takriban tani 10 za plastiki iliyokusanywa kuunda dau la mita 9, wakalivisha vipande vya ndara zipatazo 30,000, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Unguja. FlipFlopi haikumaliza taka baharini, lakini watu walioligusa dau lile hawaioni tena ndara iliyokatika kuwa kitu kisicho na kazi.

Ukitaka kuanza kwenu, anza kidogo. Watu kumi, kipande cha ufuo cha mita mia, kila bamvua ya mwezi mpya. Zungumza na BMU, mtafute mnunuzi wa chupa, uliza gari la kaunti hupita siku gani, nunua daftari. Usingoje Septemba wala mdhamini. Bamvua yaja mara mbili kila mwezi, na haimngoji mtu.